Boti Iliyonyweshwa Maji

Mpaka leo nikisikia mtu anasifu chombo kwamba ni kizito, hasira zinanipanda. Kwetu uzito ni sifa. Sufuria nzito ndiyo sufuria, ile nyepesi ni bati la kuchezea watoto. Kitenge kizito ndicho cha harusi. Hata mtoto mchanga, nikimtoa kwenye mizani, mama yake haniulizi kama ana afya, ananiuliza kama ni mzito. Kwa hiyo siku ile, kwenye ukingo wa Nyangwe, mwenye boti alipoipiga boti yake ubavuni kwa kiganja na kusema, "Musikie vile iko muzito, hii haiko ya kuchezea," komite nzima ya vijiji vyetu, iliyokuja kuinunua, iliitikia kwa kichwa, na mimi nikawa mtu mbaya kabla sijafungua mdomo.

Mimi ni muuguzi. Kituo changu cha afya kiko ng'ambo ya mto Lualaba, kuelekeana na Nyangwe: nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, na bati linalovuja kwenye chumba cha kuzalia, hapo hapo na si kwingine. Wengi wa wanawake wanaokuja kwangu wanajifungua vizuri na kurudi shambani mapema kuliko ninavyotaka. Wachache wanahitaji kupasuliwa, na wa kupasua yuko Kasongo. Kufika huko kuna njia mbili. Unaweza kuvuka mto, ukampakia mwanamke mwenye uchungu kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mtu wa kumshika, ukaomba mvua isiwe imenyesha. Au unaweza kuupanda mto kwa mtumbwi, kasia kwa kasia, kutwa nzima na mara nyingine zaidi.

Mwaka mmoja barabara ilikuwa tope tupu, nikachagua mtumbwi. Mwanamke alikuwa na mimba ya tatu, na mtoto alikuwa ametanguliza mkono. Kaka yake alipiga kasia mbele, mume wake nyuma, mimi nilikaa katikati nimemshika kichwa. Alinifia mapajani kwenye kona moja yenye michikichi, jua likiwa utosini. Sikumwambia kaka yake. Niliogopa ataacha kupiga kasia, kana kwamba bado kulikuwa na mahali pa kuwahi, na nikamwacha ahangaike na mkondo ule kwa muda ambao mpaka leo sitaki kuupima. Alipogeuka na kuniona uso alielewa mwenyewe.

Ndiyo maana vijiji vyetu vilipokubaliana kununua boti ya motere, yenye injini nyuma, nililia mbele za watu, mimi nisiyelia. Na ndiyo maana boti hiyo ilipopatikana, nilitaka kuijua kama ninavyomjua mgonjwa.

Ilikuwa boti nyeupe ya plastiki ngumu, ya mitumba, mali ya mfanyabiashara mmoja wa dhahabu. Aliileta zamani kidogo ili awafuate wachimbaji wa mtoni, kisha akaona utamu uko kwenye mashimo ya Salamabila, akahamia huko na kuiacha boti ukingoni Nyangwe. Kwa misimu miwili ya kiangazi ilikuwa mikononi mwa mjomba wangu, kaka wa mama yangu, mchonga mitumbwi anayejulikana mto mzima. Motere ilifungiwa ndani ya nyumba yake, imefunikwa shuka. Boti yenyewe ilikaa majini mbele ya karakana yake, chini ya macho yake. Siku za soko nilipovuka nilikuwa nampitia kumsalimia na kumsaidia kazi ndogo ndogo, maana mgongo wake umechoka. Kila aliyepita alimsifu kwa ulinzi wake, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Siku ya kuijaribu, mwenye boti alikuja na mwendeshaji wake, mtu mzima mkimya mwenye kofia ya sufu, na mwenyekiti wa komite yetu alikuja na suti. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu. Alikwisha kuandika hotuba ya kuipokea boti, na nina hakika hotuba hiyo ndiyo iliyotutesa siku ile, kwa sababu mtu akishaandika hotuba hataki tena kusikia habari nyingine. Waliifunga motere, wakapanda wawili tu, mwenyekiti na mwendeshaji, na mafuta kidogo kwenye tangi. Boti iliondoka pua ikiwa juu. Ilikwenda hivyo, pua juu, kutoka gatini mpaka ikapita nyavu za mwisho za wavuvi, ndipo pua ikashuka na ikaanza kukimbia. Watu ukingoni wakapiga makofi. Mwenyekiti alirudi tai ikiwa begani, anacheka kama bwana harusi.

Mimi nilikuwa nahesabu muda moyoni, na makofi yale yaliniudhi.

Baba yangu, Mungu amrehemu, aliendesha boti za motere kwenye mto huu kabla mimi sijaota meno. Nilikulia kwenye harufu ya esanse, mafuta ya motere. Hakuwa na neno la kitabu kwa jambo ninalolieleza. Alisema boti nzuri inasimama. Inaanza ikiwa imekaa, matako majini na pua hewani. Ukiipa motere nguvu inanyanyuka, inasimama, na kukimbia juu ya maji badala ya kuyasukuma. Ile isiyosimama, alisema, inalima. Inakula mafuta, inapiga kelele, inachimba mto kama jembe na haifiki. Boti ya ukubwa ule ikiwa na watu wawili ilipaswa kusimama kabla mtu hajamaliza kukohoa.

Kwa hiyo nilisimama mbele ya komite na kusema kwamba boti hii inachelewa sana kusimama, na tusinunue kabla ya kujua kwa nini.

Walicheka. Mwenyekiti alifuta macho na kuwageukia wenzake. "Mama muganga anatafuta boti ya kusimama," alisema. "Sisi tunatafuta ya kukimbia."

Nilimwacha acheke. Kisha nikawaambia kwamba mwanamke wangu hasafiri na mwendeshaji peke yake. Kwenda Kasongo anakwenda na mume wake na mama mkwe wake, na mama mkwe huyo hakuna aliyezaliwa wa kumzuia. Anakwenda na mimi. Anakwenda na godoro, sufuria, gunia la unga na gunia la makaa, kwa sababu kule hospitali kila familia inampikia mgonjwa wake. Na kuna mafuta ya kwenda na kurudi. Nilitaka yote hayo yapakiwe, kisha tuone. Mwenye boti alivua miwani yake ya jua ili anitazame vizuri.

"Mama muganga," alisema, "unataka kununua boti ao kununua kamyo ya mizigo?"

Nilikwenda sokoni. Wanawake wa soko walinielewa kabla sijamaliza maneno, kwa sababu ni wao waliokwisha kulala kwenye ile mitumbwi. Muuza samaki mmoja mwenye mwili wake alijitolea kuwa mgonjwa, akajilaza kwenye godoro katikati ya boti na kuanza kuugulia kwa madaha mpaka ukingo mzima ukacheka. Tukapanga magunia ya mihogo badala ya makaa na unga. Watu wawili wakakaa mahali pa mume na mama mkwe. Mimi nikakaa ninapokaa siku zote, kichwani kwa mgonjwa. Mwenye boti alikataa kupanda, akasema ana simu za kupiga.

Tuliondoka tukiupanda mto. Mwendeshaji alisukuma mkono wa motere mpaka mwisho. Pua ilipanda hadi nikaona mawingu tu. Nyuma, maji yalijaa mpaka kwenye ukingo wa boti, na wimbi nene likatufuata bila kuachana nasi. Tukapita gati, tukapita nyavu, tukapita shamba la mpunga la misheni. Hatukusimama. Kwenye njia ya ukingoni kulikuwa na mtu wa baiskeli aliyebeba kuku kwenye tenga, naye alikuwa anatutazama kwa huruma, na hatukumwacha nyuma. Muuza samaki aliacha kuugulia. Aliniuliza polepole kama mtoto angekuwa bado hai, na nikamwambia sijui. Hapo nilikasirika kweli, kwa sababu mpaka dakika ile nilikuwa bado natumaini kwamba mimi ndiye mjinga.

Tuliporudi gatini mwenye boti alikuwa na majibu tayari. Esanse ya Nyangwe ni mbaya, imechanganywa na mafuta ya taa. Mkondo una nguvu mwezi huu. Na watu wetu, alisema akimtazama muuza samaki, wamenona. Mwenyekiti aliitikia kila jibu, kwa sababu mgeni mwenye gari hapingwi mbele za watu, na kwa sababu ya ile hotuba. Nilimwambia mwenyekiti kwamba kama anaona haya kumuudhi tajiri, basi siku ya kuzika nitamwita yeye aseme maneno. Hakupenda. Sikusema ili apende.

Kisha nilikunja sketi na kuanza kazi, nikifuata mpangilio wa baba. Yeye alianza na motere, akaenda kwenye kile inachozungusha, akamalizia na mwili wa boti. Nilimwomba mwendeshaji afungue kifuniko, nikaangalia kama waya wa gesi, ule wa kuipa motere nguvu, unavuta mpaka mwisho. Ulivuta. Nikamwomba aifanye motere ingurume huku nikisikiliza. Baba alinifundisha kwamba motere ikipiga mayowe na boti haiendi, ujue elisi, ile pangaboi inayozunguka nyuma majini, inateleza au ni ndogo. Ikigumia na kukosa sauti yake, ujue inabebeshwa kitu kisicho saizi yake. Ile ya kwetu ilikuwa inagumia. Tukabadilisha elisi, kwa sababu mwendeshaji alikuwa na ya akiba, ndogo kidogo. Tukaenda tena na mizigo yote. Motere ilipata sauti, boti ikalima vile vile. Tukasogeza magunia mbele, watu wakakaa puani wamebanana. Pua ikashuka, tukalima pua ikiwa chini. Tukaivuta mchangani, tukachungulia chini yake, nikitarajia kuona ndevu za majani ya mto. Palikuwa safi kama sahani. Mjomba wangu alikuwa amepasugua kwa majani makavu, na alisimama pembeni akifurahi kwamba nimepaona.

Lakini kuivuta mchangani kulihitaji wanaume kumi na wawili. Walitoa jasho, wakapumzika mara mbili, wakasifu. "Iko muzito," waliambiana, wameridhika. Mwenye boti aliwanunulia soda.

Nilimwomba mwendeshaji atoe kizibo cha nyuma, kile cha kumwaga maji yaliyoingia ndani. Yalitoka maji ya kujaza kikombe, basi. Mwenye boti alifungua mikono yake miwili mbele ya komite. Boti kavu, alisema, haina hata tundu, na mama huyu ametupotezea siku. Wenzangu wa komite walianza kunitazama kama wanavyomtazama mtu aliyevaa vibaya kanisani. Mwenyekiti aliniambia kwa upole kwamba nimechoka, na kwamba kifo cha yule mwanamke wa kwenye mtumbwi hakikuwa kosa langu.

Hilo ndilo neno lililonitia wazimu. Sikuwa nimemtaja yule mwanamke hata mara moja siku ile. Yeye alimtoa kaburini ili aninyamazishe.

Niliingia ndani ya boti na kupiga magoti. Kuna jambo tunalolifanya kwa mtu aliyevimba tumbo, kabla hatujajua kama ni mafuta au ni upepo au ni maji. Unalaza kidole cha kati cha mkono wa kushoto juu ya ngozi, unakigonga kwa kidole cha kati cha mkono wa kulia, unasikiliza. Penye upepo panalia kama ngoma. Penye maji pananyamaza. Nilianzia puani. Sakafu ililia. Nikasogea shubiri moja, ikalia. Kwenye kiti cha katikati ikaanza kuzibika, na kutoka hapo mpaka nyuma, chini ya mwendeshaji na chini ya tangi na chini ya motere, ilinyamaza kabisa, kulia na kushoto. Nilirudia mara tatu. Ukingoni watu walikuwa wamesogea kusikiliza, hata wale wa soda. Sakafu ya boti zile ina povu gumu chini yake, ndugu wa lile la magodoro, la kuifanya ielee hata ikipinduka. Niliwahi kuliona baba alipotengeneza moja iliyopasuka. Ni jepesi mno, unashika bonge zima kwa vidole viwili, mradi halijanyonya maji.

Nilituma mtu aniletee mkoba wangu. Nilimwomba mwendeshaji bisibisi, nikafungua skurubu ndefu iliyoshika kiti cha nyuma sakafuni. Skurubu ilitoka na kutu nyekundu. Nikachukua sindano kubwa kuliko zote nilizo nazo, ile ya kutolea maji kwenye kifua cha mtu, nikaiingiza kwenye tundu la skurubu na kuvuta. Ikajaa. Maji ya kahawia yenye harufu ya chungu kilichosahauliwa. Nilimwaga mchangani mbele ya viatu vya mwenye boti, nikavuta tena, ikajaa tena. Mara ya tano nilimpa mwenyekiti aishike mwenyewe.

Nilijisikia vizuri sana, sitasema uongo. Nilikuwa na hasira ya siku nzima, na hatimaye imepata pa kushukia. Nilimgeukia mwenye boti nikamuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, "Hii mayi imeingia ndani wakati gani? Boti yako haina tundu. Nani ameitia mayi?"

Aliyejibu alikuwa nyuma yangu.

"Ni mimi njo niliinywesha, mwipwa wangu," mjomba alisema.

Alisema kwa fahari. Ninahitaji msomaji alijue hilo. Alisogea mbele, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa kupokea shukrani. Akaeleza, kwa kuwa mwenye boti ni mtu wa mashimoni na huenda hajui, kwamba kiangazi ni adui wa chombo. Jua likikuta mtumbwi mkavu linaupasua kutoka pua mpaka mkia. Ndiyo maana mtu mwenye akili anaunywesha: anauzamisha ukingoni, anaujaza maji mpaka mdomoni, anauacha unywe mpaka mvua zirudi. Na hii boti ya mzungu, alisema, ilikuwa tayari na nyufa ndogo ndogo kwenye sakafu, karibu na skurubu, siku ile alipoipokea. Akaogopa. Akainywesha kiangazi cha kwanza, akainywesha cha pili, na kila maji yaliposhuka akaongeza. Ilikunywa kweli, alisema. Hajawahi kuona chombo chenye kiu namna ile.

Mwenye boti alicheka kicheko kifupi, kisha akakumbuka kwamba anapaswa kukasirika. Alimnyooshea mjomba kidole usoni. Alisema mzee huyu ameua boti yake, ni mharibifu, atampeleka kwa polisi Kasongo leo hii. Na mwenyekiti wetu, aliyekuwa bado ameishika sindano yangu, akatikisa kichwa na kusema kwamba kweli, mzee angeuliza kwanza. Watu wale wale waliomsifu mjomba misimu miwili wakaanza kusogea mbali naye, hatua moja, hatua mbili. Mjomba alitutazama mmoja mmoja. Bado alikuwa hajaelewa kosa liko wapi, na alinitazama mimi ili nimweleze.

Na mimi nilikuwa natazama ndoo.

Ilikuwa pale pale penye karakana, ndoo ya bluu isiyo na mkono, imefungwa kamba. Naijua ndoo ile. Siku za soko, mjomba alipolalamika mgongo, nilivua viatu na kuishika mimi. Nilichota Lualaba nikamwaga ndani ya boti nyeupe, ndoo baada ya ndoo, tukipiga hadithi, na maji yalipofika mdomoni mwa boti alisema imeshiba na tukacheka. Binti wa mwendesha motere. Mtu aliyeshika lile povu kwa vidole viwili. Sikufikiri hata kidogo. Niliona chombo, niliona kiangazi, niliona mjomba anafanya kinachofanywa, nikachota. Kila ndoo niliyomwaga mle ilikuwa imekaa palepale inamsubiri mwanamke wangu, na dakika chache zilizopita nilikuwa natafuta mkosaji kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

Nilimtoa mwenyekiti sindano mkononi. Nikasimama kati ya mjomba na kile kidole.

"Mayi ile, mimi pia nilichota," nikasema. "Ukimupeleka kwa polisi, utupeleke wote wawili. Na hii komite yote ilikuwa inapita, inaona. Upakie gari lako vizuri."

Kisha yule mwendeshaji, ambaye siku nzima hakuwa ametoa maneno matano, akavua kofia yake ya sufu na kuzungumza na bosi wake akitazama chini.

"Patro, nilikuambia mwaka uliopita, tulipokuja kuijaribu. Nilikuambia boti haisimami tena. Ukasema basi tutaiuza."

Alitumia neno lile lile la baba. Mwenye boti alimtazama kama anayemfukuza kazi, na nilisikia baadaye kwamba alimfukuza kweli. Kwa hiyo alijua. Alijua boti inalima, alijua tunamnunulia nani, na alikuja na mtu mmoja na mafuta kidogo ili tusione. Mjomba aliharibu bila kujua na mimi niliharibu bila kufikiri, lakini yule alikuwa amekaa na habari hiyo mwaka mzima. Nilimwambia hivyo, na nilimwambia mengine ambayo muuguzi hapaswi kuyajua. Siyajutii. Habari ya polisi haikusikika tena.

Mwishowe tulinunua motere peke yake, kwa sababu motere haikuwa na kosa. Mwenyekiti hakusoma hotuba. Boti ilibaki mchangani pale Nyangwe, na mbuzi wanalala kivulini mwake. Mjomba alikwenda msituni kutafuta mti, akachonga mtumbwi mrefu kuliko yote aliyowahi kuchonga, wenye mkia uliokatwa bapa ili motere ikae. Mtumbwi ule hausimami, na hautasimama kamwe. Unalima. Lakini ni mwembamba, unapita, na nikiondoka alfajiri nafika Kasongo jua halijachoma. Mwanamke wa kwanza niliyempeleka alirudi na mtoto, na mama mkwe wake, na sufuria zote. Wa pili tulichelewa. Boti inayosimama ingemwahisha, hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu, na sijapata mtu mwingine wa kumkasirikia kwa ajili yake.

Kiangazi kilipofika nilikwenda kumsalimia mjomba. Mtumbwi ulikuwa umevutwa ukingoni, jua kali, na puani mti ulikuwa umeanza kuchora mistari miembamba ya ukavu. Yeye alikuwa amekaa kwenye gogo, mikono mapajani, anautazama. Mtu huyu amechonga mitumbwi tangu kabla sijazaliwa na hajawahi kumuuliza mtu yeyote habari ya maji. Aliinuka aliponiona.

"Mwipwa," alisema, "hii nayo, niinyweshe?"

Nilimwambia ndiyo, ainyweshe, hii ni mti. Aliitikia, lakini hakusogea. Alibaki ananitazama usoni kama anayesubiri niseme mara ya pili. Nikavua viatu, nikaingia majini na ile ndoo ya bluu, nikaanza kuchota.